Lango la Mumbuni na Kuku wa Masinga

Watu wa Mumbuni, hapa kando ya mji wa Machakos, mpaka leo husema nilimfungia lango dada ya mke wangu. Ni kweli, nilimfungia. Alisimama nje katika jua la saa nane, matenga mawili ya kuku miguuni, vumbi la Masinga mpaka kwenye nyusi, na mimi niko ndani nimeshika komeo. Wanaosimulia huishia hapo, kwa sababu hapo ndipo panapochekesha. Mimi nitasimulia yote. Lango lilikuwa langu na kuku walikuwa wangu.

Shule niliiacha darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Wengi waliofika mbele walikuja baadaye kuniomba kazi. Nilianza kwa kununua kuku vijijini, nikiwafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye usukani wa baiskeli mpaka sokoni Machakos. Kuku wa kwanza wa kufuga sikumnunua. Alinipa huyo huyo shemeji. Kwetu Ukambani mtu anaweza kumweka kuku wake kwako: wewe unamlisha, akitotoa mnagawana vifaranga. Aliniwekea kuku mweusi mwenye shingo tupu, shingo nyekundu kama ya mzee aliyenyolewa vibaya. Hakuja kuchukua fungu lake hata mara moja. Nilipomkumbusha alisema, "Wacha zizae kwanza." Wakazaa.

Kufikia mwaka wa elfu mbili na sita nilikuwa na banda refu la mabati nyuma ya nyumba, limejaa kuku wa mayai, wale wa kahawia wanaotoka kwa watotoleshaji wakiwa vifaranga wa siku moja. Mayai yangu yalikwenda kwa hoteli na maduka ya mjini, mengine mpaka kantini za viwanda vya Athi River. Nyumba ya mawe, lango la chuma, karo ya watoto, vyote vilitoka matakoni mwa kuku. Nasema hivyo hivyo bila haya.

Kuku wa kienyeji nilikuwa nimewapiga marufuku zamani. Kuku wa kienyeji ni kama mtu asiye na kazi: anatembea kila boma, anakula kila kitu, na anarudi jioni na ugonjwa wa wenyewe. Mke wangu hakufurahi. Mwanamke wa Kikamba bila kuku wake mwenyewe hujiona kama mgeni katika boma lake. Basi akawapeleka kuku wake kwa dadake Masinga, wakawekwa huko kwa ile desturi yetu. Tulipatana hivyo, na miaka ikapita.

Mwanzoni mwa mwaka ninaousema redio ikaanza habari ya homa ya ndege. Kwanza ilikuwa mbali, kwa Wachina. Nikanywa chai yangu. Halafu ikasemekana imeshuka Afrika, kule Nijeria, na watu wanachomewa mabanda mazima. Hapo chai ikakataa kushuka. Mtangazaji alisema inabebwa na ndege wa mwitu, mabata na korongo wanaokuja kutoka nchi za baridi kutua kwenye maziwa na mabwawa yetu. Ikiingia kwa boma, alisema, kuku wote wanauawa, wazima kwa wagonjwa, wanazikwa kwa shimo moja. Akasema pia kuwa mtu anaweza kufa nayo. Nitasema ukweli: mimi nilisikia zaidi ile ya shimo.

Kulikuwa na Msomali mwenye hoteli karibu na stendi ya mabasi, mteja wangu wa siku nyingi. Nilimpelekea mayai asubuhi moja akanizuia mlangoni.

"Mzee wa mayai, leo rudi nayo."

"Yameoza?"

"Hayajaoza. Watu wanaogopa. Jana mtu amerudisha supu, anasema huyo kuku alikohoa kabla ya kuchinjwa."

"Nani alimsikia akikohoa?"

"Wallahi sijui. Labda ni daktari wake."

Tulicheka, lakini nilirudi na trei zangu vile zilivyokuja. Mezani kwake kila mtu alikuwa anakula maharagwe.

Siku hiyo ndiyo niliyoweka sheria. Karai la dawa ya kuchovya miguu kwenye mlango wa banda, na jingine langoni. Hakuna mtu kuingia na viatu vya barabarani. Hakuna kuku, wala manyoya ya kuku, kutoka boma jingine. Mke wangu alisoma uso wangu akaniuliza, "Na kanisani turudi tukichovya miguu?" Nikamwambia hasa kanisani, kwa maana huko ndiko watu hukutana. Akachovya. Alikuwa ananicheka, lakini alichovya.

Sasa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Kwetu, kifo kikiingia kwa kuku wa boma, watu hawangoji. Wanakusanya waliobaki, wale ambao bado wana nguvu, wanawapeleka kwa ndugu wa mbali wakajifiche. Kifo kitafika kikute boma tupu, kizunguke, kichoke, kiende zake. Mama yangu alifanya hivyo, na nyanya yake kabla yake. Hakuna aliyewahi kumkatalia ndugu aliyekuja na kuku wanaokimbia kifo. Ni kama kumkatalia mtoto maji.

Na boma la shemeji liko karibu na bwawa la Masinga. Kiangazi kilikuwa kikali mwaka huo, maji yamerudi nyuma yameacha matope, na kuku wake walikuwa wanashuka kunywa pale pale mabata ya mwitu yanapotua. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu mwaka uliotangulia: kuku na bata wamesimama kwa kidimbwi kimoja kama watu wa bomba moja.

Kwa hivyo siku alipofika na yale matenga, mwenye baiskeli ya kubeba abiria akayatua langoni akaenda zake, sikuhitaji kuuliza. Niliuliza tu.

"Shemeji, habari ya Masinga?"

"Habari ni mbaya. Kuku zinaisha. Asubuhi unazikuta zimelala, shingo zimepinda. Nimeleta hizi zilizobaki. Fungua, jua ni kali."

"Zimekunywa wapi maji?"

"Kwani kuku zinakunywa wapi? Bwawani. Fungua."

Nikashika komeo. "Wewe ingia. Kuku hawaingii."

Aliniangalia kupitia nafasi za vyuma. Yeye ni mkubwa kwa mke wangu kwa miaka mingi, mjane, mwembamba, mrefu kunipita, na sauti yake haipandi hata akiwa na hasira. Inashuka.

"Rudia," akasema.

"Wewe ni mtu wangu, ingia unywe chai. Kuku watabaki nje. Kuna ugonjwa wa bata, redio imesema."

"Redio imekuzaa?"

"Shemeji..."

"Nakuuliza, kwa sababu mimi nilikuwekea kuku ukiwa na suruali moja, na sikuuliza redio kwanza. Hizo zote ziko huko nyuma ni watoto wa kuku yangu."

"Hawa wametoka kwa watotoleshaji, hata mama yao hawamjui."

"Basi wamefanana na wewe."

Mke wangu alikuwa amefika nyuma yangu, mikono ina unga. Hakusema na mimi. Alisema na dadake, "Zangu ziko humo?"

"Ziko. Nilianza na zako kuziokoa."

Mke wangu akaniangalia. Miaka yote tuliyoishi, sijawahi kuangaliwa hivyo. Nikasema, kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Nikifungua lango hili, kesho tunachimba shimo. Si la kuku. La kila kitu tulicho nacho."

Shemeji akainama akashika tenga moja. "Kama kuku zangu haziingii, na mimi siingii," akasema. Akavuka barabara.

Ng'ambo kulikuwa na mjengo wa mtu wa Nairobi aliyeishiwa na hamu: kuta za mawe, paa nusu, madirisha bila vioo. Akaingiza matenga yake humo, akakalia jiwe mlangoni, akaangalia lango langu. Hakulaani wala kulia. Aliketi tu kama askari.

Mke wangu akachukua godoro, sufuria na kanga mbili. Nikamwambia, "Ukivuka barabara hiyo, hutarudi mpaka tujue ni nini kinaua hao kuku."

"Nimesikia sheria," akasema. "Unga uko kwa ndoo ya buluu." Akavuka.

Hivyo ndivyo nilivyobaki peke yangu na kuku wangu wote, na barabara ya udongo katikati. Jioni nilijipikia ugali ukashika chini. Wao walikuwa wamewasha moto wa mafiga matatu, wanapika isyo, na harufu ya mahindi na maharagwe ilivuka barabara bila kuchovya miguu. Nikasikia wakicheka. Kisha mke wangu akapaza sauti, "Mzee! Chumvi iko kwa mkebe wa chai!" Alijuaje kwamba naitafuta, sijui. Nilikula bila chumvi.

Asubuhi kuku wawili katika matenga walikuwa wamekufa. Nilijua kabla ya kuambiwa, kwa sababu nilimwona shemeji akiwatoa kwa miguu, polepole, akawalaza ukutani. Shingo zilikuwa zimepinda kuangalia nyuma.

Habari ilitembea. Kufikia saa nne barabara ilikuwa na watu. Kwanza walikuja kutazama, halafu wakaja kuchekesha. Fundi mmoja wa baiskeli akaniita, "Mzee, umeajiri walinzi wapya? Wanalipwa kwa manyoya?" Shemeji akamjibu kutoka ndani, "Wewe njoo nikuajiri uwe jogoo, sauti unayo, kazi huna." Watu wakacheka. Lakini vumbi la mjengo likamwingia shemeji puani akapiga chafya, mara mbili. Kicheko kikakatika kama kimefungwa bomba. Watu wakarudi nyuma, wote pamoja, mpaka wakaugonga ua wangu ukapiga kelele.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mtu akasema, "Anayo." Mwingine akasema, "Mama arudi kwao na ugonjwa wake." Mama mmoja mwenye watoto wadogo alikuwa anatetemeka kweli, wala simcheki, na mimi nilikuwa natetemeka kwa sababu yangu. Kisha fundi yule yule akatokea na mkebe wa mafuta ya taa. Alisema hatagusa mtu. Ni kuku tu. Atamwaga kwa matenga na kuwasha, iishe.

Mke wangu alisimama mlangoni mwa mjengo na mwiko. Mwiko! Shemeji alibaki kwa jiwe lake, lakini mkono wake ulikuwa umeshika tenga.

Nikafungua lango. Sikupita karibu nao, nilisimama katikati ya barabara kwa viatu vyangu vya bandani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuvunja sheria yangu mwenyewe.

"Weka mkebe chini," nikamwambia fundi.

"Mzee, wewe ndiye ulimfungia wa kwanza!"

"Nilifunga lango langu. Sikufunga barabara. Huyu ni shemeji yangu, atakaa hapo mpaka serikali iseme ni nini. Anayetaka kuchoma aanze na banda langu, liko hapo nyuma, limejaa."

Hakuna aliyetaka. Mtu huona ni rahisi kuchoma tenga la mjane, lakini banda la mwanaume ni kesi. Wakatawanyika, wakinung'unika kwamba nikilala macho wazi ni vizuri. Shemeji hakunishukuru, wala sikutarajia. Alisema tu, kwa ile sauti ya chini, "Viatu vyako, shemeji. Kuku zako zitakuja kulia." Nikaangalia chini. Nilirudi nikavivua langoni, nikavitumbukiza kwa dawa vizima vizima.

Na nilikuwa na sababu ya kutetemeka ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Asubuhi ile, kabla ya hayo yote, nilikuta kuku wangu mmoja amekaa peke yake pembeni mwa banda, manyoya yamesimama, macho nusu. Wenzake walikuwa kwa chakula na yeye alikuwa anaangalia ukuta.

Nilikaa na jambo hilo mpaka saa sita. Nikimwita daktari wa mifugo, na ikawa ndiyo ile ya redio, hawataua kuku wa matenga peke yao. Watavuka barabara. Nisipomwita, nitakuwa nimelala na kitu ambacho sikijui, na mke wangu analala nacho ng'ambo. Nilivuta kiti nikakaa langoni, nikamwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika.

"Nataka kuleta mtu wa mifugo."

Alisogea mlangoni mwa mjengo. "Akisema ni yenyewe, atakuchinjia zote."

"Najua."

"Na zetu hizi."

"Najua."

Shemeji akasema, "Mlete. Kama kuna kitu kinaniua kuku, nataka kujua jina lake."

Daktari alikuwa mwanamke mnene, mwenye gambuti nyeupe na suti ya karatasi iliyokuwa inambana. Alipita kwanza kwa mjengo. Akauliza, akafunua midomo ya kuku, akatazama kinyesi chao cha kijani, akamwekea shemeji mkono kwenye paji la uso akamwambia hana homa, ana vumbi. Wale waliokufa akawatia kwa mifuko ya plastiki juu ya barafu. Kisha akavua suti yote, akanawa, akavaa nyingine ndipo akaja kwangu. Nilimpenda kwa hilo. Alichovya bila kuambiwa.

Nikampeleka kwa yule kuku wangu aliyekaa pembeni. Tulimkuta amekufa. Nikashika nguzo.

"Unachanja kideri?" akaniuliza.

"Kila inapofika zamu yake. Sijawahi kuruka."

"Basi sikiliza. Kideri kinapinda shingo, kinatoa kinyesi cha kijani, kinafagia boma. Homa ya ndege inaweza kufanya hivyo hivyo. Kwa macho siwezi kutenganisha, na anayekwambia anaweza ni mwongo. Wale wa ng'ambo wakiwa na kideri, wewe umechanja, banda lako liko salama. Ikiwa ni ile nyingine, haina chanjo hapa. Itabidi tuzungumze."

"Kuzungumza ni shimo?"

"Ni shimo," akasema. Hakunipaka mafuta. Akamchukua na kuku wangu pia, kwa mfuko wake mwenyewe, akaenda nao kwa maabara ya serikali Nairobi. Akatuacha na amri: yai lisitoke, kuku asitoke, mtu wa ng'ambo abaki ng'ambo.

Siku za kungoja sitazihesabu. Nilihesabu kuku badala yake. Nilikuwa naingia bandani napita mstari kwa mstari naangalia kila shingo. Kuku akiinamisha kichwa kujikuna, nasimama mpaka akiinue tena. Mayai yalijaa stoo, trei juu ya trei, mpaka nikaanza kuyapanga kitandani upande wa mke wangu. Kila asubuhi, kabla ya kunywa kitu, nilienda langoni nikaangalia ng'ambo ukutani kuona ni wangapi wamelazwa. Waliobaki kwenye matenga walikuwa wanapungua. Shemeji aliwafukia nyuma ya mjengo, kina kirefu, na majivu juu, kama daktari alivyosema. Za mke wangu ziliisha zote. Sikumsikia akicheka tena.

Jioni moja mke wangu alikuja mpaka katikati ya barabara. Akasimama.

"Zangu zimekwisha," akasema.

"Nimeona."

"Zako je?"

"Ziko. Bado ziko."

"Vizuri," akasema. Na ninajua alimaanisha. Kisha akasema, "Ungefungua, mzee, ningekulaumu mpaka kufa. Hukufungua, nakulaumu pia. Sina namna." Akarudi kwa dadake.

Daktari alirudi asubuhi, bila suti ya karatasi, amevaa gauni lake. Nilipoona hilo gauni nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Ni kideri," akasema. "Kideri tu. Hawa wa Masinga. Wako wewe alikwamiwa na yai, likamwozea tumboni. Hana kitu kingine."

Nilikaa chini. Hapo hapo, kwa udongo. Shemeji kutoka ng'ambo akasema, "Kideri kimemaliza kuku za mama yangu, na za mama yake. Hilo ndilo jina lake tu?" Alikuwa kama mtu aliyeonyeshwa mwizi akakuta ni jirani.

"Hilo hilo," daktari akasema. "Na kina chanjo. Tone moja jichoni."

"Mbona hakuna aliyetuletea tone?"

Daktari akaeleza. Chupa moja ya chanjo ni ya kuku mamia. Ukishaichanganya, haikai, baada ya saa chache ni maji. Mwenye kuku wachache hainunui, na mwenye duka hafungui chupa kwa ajili ya mtu mmoja. Mke wangu alikuwa anamsikiliza bila kupepesa. Kisha akanigeukia.

"Ile unayobakisha," akasema, "ile unayomwaga chooni kila ukichanja. Hiyo ni chanjo?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

Dawa iliyobaki inamwagwa, ndivyo chupa inavyosema, na mtu hawezi kuibeba mpaka Masinga kwa mfuko wa shati. Hayo ningeweza kumwambia. Nilifungua lango badala yake, pande zote mbili, mpaka likagonga ukuta.

Mke wangu aliingia na godoro lake. Shemeji aliinua tenga moja tu. Ndani kulikuwa na kuku mmoja aliyebaki, mweusi, shingo tupu. Niliutambua ukoo wake mara moja. Nikamwambia, "Shemeji, ingia. Sasa tunajua."

"Lango lako ni zuri," akasema. "Lifunge, vumbi litaingia." Akashuka barabara kuelekea stendi, amenyooka, tenga kichwani.

Zamu ya chanjo ilipofika, nilinunua chupa mbili. Moja niliimaliza bandani. Ya pili sikuifungua; niliitia kwa flaski ya chai pamoja na barafu ya mwuza samaki, nikapanda basi la Masinga. Nilifika kabla ya jua kukaza. Boma la shemeji halina lango, lina miiba na nafasi ya kupitia mbuzi. Nilipoinua mguu kuingia alinizuia.

"Simama. Viatu hivyo vimetoka wapi?"

"Machakos, shemeji."

"Vimetoka kwa kuku. Vua."

Nikavua. Akanielekeza kwa karai. Ndani kulikuwa na maji ya majivu, meusi. Majirani walikuwa wamekusanyika na kuku wao kwapani, maana nilikuwa nimetuma habari, na wote walikuwa wanatazama mzee mzima wa Mumbuni akinawa miguu kama mtoto anayeingia kulala. Mmoja akasema, "Na katikati ya vidole!" Nikanawa na katikati ya vidole.

Nilichanganya dawa, tukafanya kazi. Mtu anashika kuku, mimi natia tone jichoni, kuku anapepesa, anayefuata. Chupa iliisha na jua bado liko juu. Hakuna kilichomwagwa. Shemeji alinipa uji na hakutaja lango hata kidogo, na mimi sikutaja.

Nilipoinuka kwenda alinifuata na yule mweusi mwenye shingo tupu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Huyu alikiona kifo akakikataa," akasema. "Nakuwekea. Akitotoa, tutagawana."

Angalia taabu yangu. Kuku wa kienyeji, wa Masinga, wa bwawani, aliyetoka kwa ugonjwa, na mimi ndiye niliyetunga sheria. Nikimkataa, undugu umekwisha hapo, mbele ya majirani wote. Nikimpokea, nitamweka wapi? Shemeji alijua. Alikuwa ananiangalia kwa ile sura ya langoni, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa nje.

Nilimpokea kwa mikono miwili.

Nilishuka Mumbuni jua likiteremka, kuku kwapani, flaski tupu begani. Mke wangu alikuwa langoni. Aliona shingo nyekundu kwa mbali, nikaona mkono wake ukienda polepole kwenye komeo.

"Huyo anatoka wapi?"

"Masinga. Kwa dadako. Amewekwa kwangu."

"Basi sheria unaijua kuliko mimi," akasema, na komeo likalia. "Wewe uliitunga."

"Mama watoto, nimetoka safari."

"Nitakuletea chakula."

Nikavuka barabara. Mafiga matatu yalikuwa bado pale, na jivu lake. Nilimfungua kuku miguu akajikung'uta, akaanza kuparura kama mwenye nyumba. Nikakalia lile jiwe la mlangoni, nikaangalia lango langu, nikangoja kuletewa chakula. Kilipofika kilikuwa na chumvi.